Maandalizi Yanapojifanya Kazi

Kujiendeleza ni kubadilika katika yale ambayo mtu anaweza kuyafanya. Aliyekuwa haongei Kiingereza mbele ya watu sasa anaongea. Aliyekuwa akihema kwenye ngazi sasa anakimbia kilomita 5. Ambaye mshahara ulikuwa ukimwishia tarehe 10 sasa anafika mwisho wa mwezi akiwa na akiba. Kabla ya badiliko hilo huja maandalizi: kununua kitabu, kujiandikisha kozi, kupakua programu ya simu, kuandika malengo ya mwaka kwenye daftari jipya, kuhudhuria semina ya Jumamosi. Mambo haya mawili hukaa jirani mno, na watu wengi huyachanganya. Ndiyo maana kila ofisi ina mtu mwenye bidii ya kweli, anayesoma, anayehudhuria, anayepanga, na ambaye baada ya miaka mitatu bado yuko palepale. Wahenga walimwona mapema waliposema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo haimwiti mvivu, na hapo ndipo ilipolenga vizuri, kwa kuwa kuchagua jembe nako ni shughuli, tena huchosha.

Kinachotenganisha maandalizi na kazi si jasho wala muda unaotumika. Swali la kuuliza ni kama shughuli yenyewe inaweza kumkatalia anayeifanya. Anayetazama video za matamshi hana namna ya kukosea; video huendelea mpaka mwisho hata kama amesinzia. Anayemhudumia mgeni kaunta kwa Kiingereza anaweza kukunjiwa uso na kuombwa arudie, na palepale akajua ni neno gani limemshinda. Jedwali la bajeti hupokea tarakimu yoyote. Kazi huanza pale shangazi anapopiga simu kuulizia mchango wa harusi, na kiasi kilichotengwa ni kidogo kuliko alichotarajia. Kwa kipimo hicho, baadhi ya mambo yanayoitwa maandalizi ni kazi kamili. Mazoezi ya mwanariadha humkatalia kila asubuhi. Mwanafunzi anayejibu mtihani wa miaka iliyopita huku daftari limefungwa anafanya kazi, ingawa mtihani wenyewe uko miezi miwili mbele. Mpaka kati ya maandalizi na kazi, kwa hiyo, haupo kati ya siku za kabla na siku kuu. Mara nyingi unapita katikati ya jioni moja.

Kosa la kuvichanganya vitu hivi lina sababu zinazoeleweka, na ya kwanza ni kwamba akili hupima uwezo wake kwa wepesi. Jambo likishapita machoni bila kukwama, mtu huamini amelimudu. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio yaliyoligusa jambo hili. Watu walioneshwa video ya mtu anayechomoa kitambaa mezani kwa ghafla bila kuangusha vyombo vilivyo juu yake. Walioitazama mara 20 walijiona wako tayari zaidi kuliko walioitazama mara moja. Walijaribu pia kurusha vishale na kucheza ule mtindo wa Michael Jackson wa kuteleza kinyumenyume, na matokeo yakafanana: kutazama kuliongeza kujiamini, uwezo ukabaki ulipokuwa. Katika jaribio la kurusha na kudaka vitu kwa zamu, baadhi ya watazamaji walipewa vitu hivyo wavishike tu, bila hata kuvirusha. Kujiamini kwao kulishuka. Kuvishika mkononi kwa muda mfupi kulitosha kuwaonesha ugumu ambao video haikuuonesha.

Kusoma nako kuna hadaa yake, na ndiyo inayowagharimu vijana wengi zaidi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi kifungu cha maandishi wajifunze. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kukisoma. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja cha kukisoma, kisha likafunga karatasi na kujaribu mara tatu kuandika kilichokumbukwa. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka takribani asilimia 83 dhidi ya 71. Wiki moja baadaye mambo yalipinduka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40 hivi, wenzao waliojipima wakawa na 61. Utafiti huo wa mwaka 2006 una jambo jingine linalostahili kuzingatiwa kuliko tarakimu zenyewe: walipoulizwa mapema wangekumbuka kiasi gani, waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayepiga msuli mpaka usiku wa manane, akipaka rangi kila mstari wa notisi, hajidanganyi kwa makusudi. Hisia anayoitumia kujipima ndiyo yenye kasoro. Kujipima kichwani bila daftari humfanya ajione mjinga, naye huacha njia inayomfaa kwa sababu inamwudhi.

Sababu ya pili haihusu akili bali moyo. Kwa muda mrefu kuahirisha kulichukuliwa kuwa udhaifu wa kupanga muda, na tiba iliyotolewa ikawa ratiba, kengele na kalenda. Watafiti kama Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wameielekeza mada hii kwingine: anayeahirisha anakimbia hisia mbaya inayoambatana na kazi, yaani hofu ya kuchekwa, uchovu, mashaka kuhusu uwezo wake, na nafuu anayoipata papo hapo humfundisha kukimbia tena kesho. Maandalizi ni pahali pazuri pa kukimbilia kuliko pote. Anayekwepa kuandika kwa kuangalia mpira atagombezwa na mkewe, na yeye mwenyewe atajilaumu. Anayekwepa kuandika kwa kusoma kitabu kuhusu uandishi ataachwa kwa heshima, na watoto wataambiwa wasipige kelele kwa kuwa baba anasoma.

Ndoto nazo zina mchango wake. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito. Walioamini kwamba wangefanikiwa walipungua zaidi, kama ambavyo wengi wangetarajia. Ila waliokuwa wakijichorea picha tamu za wakati ujao, wakijiona wembamba na wakipita mbele ya vyakula bila kutamani, walipungua kwa takribani kilo 11 pungufu ya wale ambao picha zao zilikuwa na taabu ndani yake. Kuamini kwamba jambo litawezekana ni tofauti na kulionja kwa mawazo kabla halijafanyika, na mafunzo mengi ya hamasa huuza hili la pili kwa jina la lile la kwanza.

Kutangaza nia hadharani kuna athari iliyo karibu na hiyo. Mwaka 2009 Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio ambayo sehemu yake iliwahusu wanafunzi wa sheria waliokuwa na nia thabiti ya kuwa wanasheria hodari. Wale ambao nia yao ilisomwa na mtu mwingine walitumia muda mchache zaidi kwenye kesi walizopewa kuzichambua kuliko wale ambao nia yao haikutazamwa na mtu. Kwa maelezo ya watafiti, kutambuliwa kulikuwa kumeshawapa sehemu ya kile walichokitafuta. Anayejitambulisha kila mahali kama mwandishi anayeandaa kitabu chake cha kwanza anajua utamu huo. Kutangaza huku kusichanganywe na kumwambia mtu mmoja atakayekuja Ijumaa kuomba kurasa zilizoandikwa. Huyo hampi mwandishi sifa yoyote, anamdai.

Biashara ya kujiendeleza imekua juu ya msingi huohuo. Semina, vitabu na kozi za mtandaoni vinauzika. Kazi yenyewe haiuziki, kwa sababu mnunuzi hana budi kuifanya mwenyewe. Ndiyo maana baada ya semina moja hutangazwa nyingine ya ngazi ya juu, na hakuna anayeona ajabu kwamba waliohudhuria ya kwanza ndio wanaojaza ukumbi wa pili. Inafaa kukumbuka kwamba mambo hayakuanza hivyo. Kitabu cha Samuel Smiles kilichotoka mwaka 1859, *Self-Help*, ambacho huhesabiwa kuwa baba wa vitabu vya aina hii, kilitokana na mazungumzo yake na vijana wafanyakazi wa Leeds, Uingereza. Vijana hao walikuwa wamekwisha kuanzisha shule yao ya jioni, wakifundishana kusoma, kuandika na hesabu, na walipoongezeka walikodi chumba kilichokuwa kimetumika kama hospitali ya muda ya kipindupindu, ambacho hakuna mpangaji mwingine aliyekitaka. Smiles aliombwa kuzungumza nao wakiwa tayari kazini. Kitabu kiliuzwa nakala 20,000 katika mwaka wake wa kwanza, na wengi wa walionunua hawakuwa na shule ya jioni.

Jinsi kazi ya kweli ya kukua ilivyo huonekana vizuri zaidi kwenye riadha, maana saa haina upendeleo. Eliud Kipchoge alizaliwa mwaka 1984 Kapsisiywa, katika eneo la Nandi nchini Kenya. Jirani yao alikuwa Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Kijana alimfuata akaomba ratiba ya mazoezi. Alipewa ya siku chache, akaikimbia yote, kisha akarudi kuomba nyingine. Ilipoisha, akarudi tena. Sang hakulazimika kumuuliza ana ndoto gani. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, Kipchoge alishinda mita 5,000 katika Mashindano ya Dunia mjini Paris, akiwapita Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele.

Kambi ya Kipchoge na Sang huko Kaptagat, iliyo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, imetembelewa na waandishi kutoka kila pembe ya dunia, na walichokikuta huko kimewavunja moyo baadhi yao. Jumanne ni mazoezi ya kasi uwanjani. Alhamisi ni mbio ndefu, kilomita 30 wiki hii, 40 wiki ijayo. Jumamosi ni mbio za kubadilisha kasi barabarani. Siku zinazobaki ni kukimbia taratibu, alfajiri na tena alasiri, mpaka jumla ya wiki izidi kilomita 200. Baada ya hapo kuna zamu za kufagia na kusafisha vyoo, naye Kipchoge, bingwa wa Olimpiki, zamu yake humfikia. Ratiba hiyo imechapishwa mara nyingi na mtu yeyote anaweza kuinakili leo jioni. Kipchoge huandika kila zoezi kwenye daftari, desturi aliyoianza mwaka 2003. Ni daftari kama lile la malengo ya Januari, isipokuwa huandikwa baada ya kukimbia. Alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, muda ambao haukuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu ya namna alivyosaidiwa na wakimbiaji wa kumwongoza, madaftari hayo yalikuwa na miaka 16 ndani yake.

Anders Ericsson, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden, aliipa kazi ya namna hii maelezo ya kitaalamu mwaka 1993, yeye na wenzake walipowachunguza wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin. Mazoezi ya makusudi, kama alivyoyaeleza, hulenga jambo lililo juu kidogo ya uwezo wa sasa, huleta mrejesho wa haraka, hurudiwa pamoja na marekebisho, na kwa kawaida hayafurahishi. Wapiga fidla bora hawakuweza kuyaendesha kwa muda mrefu mfululizo. Yalifika kama saa nne kwa siku, yakigawanywa kwa mapumziko, na wengi walilala mchana. Hadithi maarufu ya saa 10,000, kwamba mazoezi ya kiasi hicho humfanya mtu bingwa, ilitokana na utafiti huo, kisha ikapotoshwa njiani. Zile zilikuwa wastani wa saa ambazo kundi bora lilikuwa limefikisha kwenye umri wa miaka 20, na zilihusu mazoezi ya peke yao yenye kusahihishwa. Dereva aliyeendesha miaka ishirini bila kurekebisha chochote ana saa nyingi kuliko hizo, na bado anarudisha gari nyuma vilevile kama mwaka wa kwanza.

Tanzania ina mfano wake wa kuunganisha kujifunza na kutenda, tena kwa kiwango cha taifa. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya chini ya elimu ya watu wazima. Wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya Radio Tanzania, wakasoma kijitabu, wakajadiliana kuhusu malaria, kichocho, safura na maradhi ya kuhara. Mpaka hapo ilikuwa semina. Tofauti ilikuwa kwamba kikundi kilitakiwa, kabla ya kutawanyika, kukubaliana jambo la kufanya kuhusu ugonjwa waliouzungumzia: kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba choo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Choo hakina ubishi. Ama kipo nyuma ya nyumba ama hakipo, na jirani aliyekaa kwenye kikundi kimoja na mwenye nyumba anaweza kupita na kukiona. Utekelezaji ulitofautiana kati ya wilaya na wilaya, na si kila choo kilidumu, lakini muundo wenyewe ulikuwa na akili kuliko mafunzo mengi yaliyofuata, ambayo huishia kwenye kugawa vyeti na posho.

Yote haya hayafanyi maandalizi kuwa adui. Kosa likiwa na gharama inayobebwa na mwingine, kujiandaa kwa muda mrefu ni wajibu. Hakuna anayetaka rubani anayejifunza kwa kukosea akiwa na abiria, na daktari wa upasuaji hutumia miaka chini ya jicho la aliyemtangulia. Hata hivyo, hapo napo maandalizi mazuri hufanana na kazi: mashine ya kuigiza urubani humwangusha mwanafunzi mara nyingi ili ndege isimwangushe. Vilevile si kila aliyechelewa kuanza anachagua jembe. Mama lishe anayeamka saa kumi usiku na kurudi nyumbani giza likiwa limeingia ana sababu nyingine ya kutomaliza kozi ya uhasibu, na wahamasishaji wanaomweka kapu moja na mwenye muda tele wa kuahirisha wanamkosea. Tofauti hujitokeza pale kizuizi kinapoondoka.

Kimani Maruge wa Kenya hakupata shule utotoni. Serikali ilipoondoa ada ya shule za msingi mwaka 2003, kizuizi kimoja kilianguka, na Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama sare ilivyotaka, akakaa na watoto walioweza kuwa vitukuu vyake. Angeweza kutafuta mtu wa kumfundisha kwa siri kwanza ili asiaibike, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kuvuka kutoka maandalizi kwenda kazini hakuhitaji ushujaa wa aina hiyo kila mara. Gollwitzer huyohuyo alionesha katika makala ya mwaka 1999 kwamba nia huzaa matendo zaidi inapofungwa kwenye tukio mahususi: jambo fulani likitokea, nitafanya jambo fulani. "Nitaanza mazoezi" huachia kila siku uamuzi mpya, na uamuzi mpya huipa hofu nafasi ya kusema. "Nikishuka daladala jioni, nitatembea kituo kimoja cha mwisho" haibakizi cha kuamua. Mapitio aliyoyafanya pamoja na Paschal Sheeran mwaka 2006, yakijumlisha majaribio 94, yalithibitisha kwamba mbinu hiyo ndogo ina nguvu ya kutosha. Mazoea huchukua muda usiotabirika. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, na kwa makadirio yao tendo jipya lilifikia kufanyika bila kujilazimisha baada ya siku 66 kwa wastani, ingawa wengine walihitaji 18 tu na wengine 254. Kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Wanaoacha kabisa kwa sababu wameruka Jumatano moja wanafuata kanuni ambayo utafiti haukuiweka.

Kazi ikishaanza, vitabu na kozi hurudi vikiwa na thamani nyingine. Kwenye gereji za mitaani kijana huanza kwa kupewa spana na kuosha vipuri. Kwenye malori huanza kama utingo, akijua gia kwa masikio kabla hajakalia usukani. Kwa mafundi wa njia hiyo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwanza kwa anachoweza kukifanya, kisha hupewa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo yaliyoonekana, na mwishowe hupata cheti. Aliyekuwa akibadilisha betri miaka kumi bila kujua kwa nini nyingine zinakufa mapema huingia darasani na swali hilo, pamoja na mengine ya usalama na ya kusoma michoro ya umeme, na somo la chaji ambalo lingemsinzisha akiwa na miaka 15 humkuta akiandika.